Bwana Kiungo na Mama Nyufa

Karakanani walimwita Bwana Kiungo, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alilitolea jasho. Kiwanda chao kilikuwa kikisanifu ndege ndogo ya mizigo, na yeye ndiye aliyechora kiungo kinacholishikilia bawa kwenye kiwiliwili cha ndege: kipande cha alumini ngumu, kinene kama kifundo cha mkono, chenye matundu ya bolti, kinachobeba mzigo wote bawa linapoinuka. Mchoro wake ulibandikwa ukutani karibu na mlango wa ofisi ili mgeni asiukose. Kila ugeni ulipofika, mkuu wa kitengo alimshika bega na kusema, "Huyu ndiye mwenye kiungo," naye aliangalia chini, meno yote nje, akijifanya hajazoea sifa.

Mkewe alifanya kazi chumba hichohicho, meza ya karibu na dirisha lisilofunguka. Alikuja pale akiwa binti aliyetoka chuoni juzi, hajui hata printa inawashiwa wapi. Bwana Kiungo ndiye aliyempokea. Alimfundisha kupima mkazo, alimfundisha ribiti, zile pini zinazounganisha mabati, zinavyopokezana mzigo, alimwonyesha mashine gani ya chai inakula sarafu na ipi haili. Wakaoana, wakapata binti. Mambo yalikwenda vizuri mpaka mama akapelekwa masomoni nje, na aliporudi, alirudi na kitu ambacho mumewe hakuwa nacho. Alijua nyufa.

Bwana Kiungo alikuwa wa mtindo wa zamani. Kwake, kipande kizuri ni kile kisichopasuka. Unakifanya kinene, unakihesabia miaka yake, miaka ikiisha unakitupa. Mkewe alisema sivyo. "Sanifu ukijua ufa umeshaingia, hata kama hujauona," alikuwa akiwaambia vijana wa ofisini. "Jiulize utakua kwa kasi gani, na kama mkaguzi atauona kabla haujafika pabaya. Ndege salama siyo ile isiyo na ufa. Ni ile inayoweza kubeba watu hadi ufa uonekane." Vijana walimzunguka kama kuku waliomwagiwa mtama. Haukupita muda wakamwita Mama Nyufa, na mkuu akampa kitengo kizima cha hesabu za uchovu wa metali.

Mwanzoni Bwana Kiungo alijikaza kisabuni. Alinunua keki, akaileta ofisini, akaikata mwenyewe. Lakini roho ilimuuma, na maumivu yale yalikuwa na tabia ya kujitokeza kwenye vitu vidogo. Simu ya mkewe ikilia jioni, alikuwa akiongeza sauti ya redio. Binti yao, aliyekuwa darasa la sita, alipopita mbele yake na daftari la hesabu kwenda kumuuliza mama, alijisikia kama mtu aliyepitwa na gari lililopaswa kusimama.

Halafu kukaja suala la maneno.

Kiwanda kilikuwa kinaandaa mwongozo wa ukaguzi kwa Kiswahili, maana mafundi watakaoishika ndege ile waliongea Kiswahili na walikuwa wakichanganya mambo. Mmoja alisema bati limekufa, mwingine limelegea, wa tatu limechoka, na kila mmoja alimaanisha kitu chake. Wakakusanyika chumba cha mikutano wakubaliane. Uchovu wa metali ulipita bila ubishi, kwa sababu kila mtu amewahi kukunja waya huku na huku mpaka ukakatika. Ubishi ulikuja walipofika kwenye ile sifa ya ndege kuendelea kubeba mzigo wake huku ikiwa na jeraha. Bwana Kiungo alikuwa ameliandaa neno tangu nyumbani. Akasimama, akakohoa.

"Napendekeza uvumilivu wa madhara."

Fundi wa mabati, mtu mfupi mwenye masihara, akanyoosha mkono. "Samahani mkubwa. Uvumilivu ni wangu mimi ninayengoja mshahara. Bati linavumilia nini?"

Watu wakacheka. Mama Nyufa alikuwa anakoroga chai, akasema bila hata kuinua uso, "Semeni ustahimilivu wa uharibifu. Kitu kinachostahimili kimeumia, lakini bado kinafanya kazi."

"Hapo sawa," akasema fundi wa mabati. Mkuu akaandika ubaoni, na neno la Bwana Kiungo likafutwa kwa kiganja.

Jioni ile nyumbani, mezani, Bwana Kiungo alishindwa kunyamaza. "Ungeniunga mkono."

"Niliulizwa, nikajibu."

"Hukuulizwa."

"Basi nilijibu bila kuulizwa. Nipitishie chumvi."

Dada mkubwa wa Bwana Kiungo, fundi cherehani, ndiye aliyemwambia wazi. Alikuja kuwatembelea siku moja, akamkuta mdogo wake anapiga pasi shati lilelile kwa mara ya pili, uso umekunjamana kuliko shati. Akamvuta hadi uani.

"Unamwonea mkeo kijicho kama mke mwenza."

"Dada, acha hizo."

"Niache nini? Mtoto kaniambia habari za redio. Mimi wivu nimeuona wa kila namna, lakini wa mwanaume kumwonea wivu mtu anayempikia, huo ndio kwanza nauona."

"Siku hizi napika mimi. Yeye anachelewa kazini."

"Haya, huo ndio mbaya zaidi," dada akasema, akarudi ndani.

Bawa lilipokamilika lilipelekwa kwenye ukumbi wa majaribio. Walilifunga kwenye fremu ya chuma, na jeki za hidroliki zikawa zinalisukuma juu na kulivuta chini, juu na chini, kama ndege inavyopaa, inavyotikiswa na upepo na kutua. Ndani ya miezi michache bawa lile lingepita maisha ya miaka mingi ya kuruka bila kutoka chini ya paa. Kila baada ya muda mashine ilisimamishwa, na mkaguzi aliingia na tochi na kioo cha kukuzia kutafuta nyufa.

Kabla mashine haijawashwa, wakiwa bado ofisini, mkuu alimwomba Mama Nyufa awaambie wenzake anategemea ufa wa kwanza uanzie wapi. Alisita kidogo. Kisha alikwenda ukutani, kwenye mchoro ule wa karibu na mlango, akachukua penseli nyekundu, akatia nukta kwenye tundu la chini la kiungo.

"Hapa," alisema. "Utaonekana mapema, lakini utakua polepole. Tutakuwa na muda wa kutosha kuushika."

Alipogeuka alimtazama mumewe, kwa sababu alijua ametia penseli wapi. Bwana Kiungo alicheka kwa sauti kubwa kuliko kawaida. "Pale hapapasuki, jamani. Labda kwenye makaratasi ya mke wangu."

Tangu siku ile, nukta ile ilimkaa kama chunusi puani. Kila alipoingia ofisini jicho lilikwenda pale. Alianza kuomba kimoyomoyo bawa livunjike popote pengine, kwenye ubavu, kwenye ncha, hata fremu yenyewe ianguke, ilimradi kiungo kibaki kizima. Alijitolea kuwa kwenye zamu za ukaguzi. Wenzake walimsifu kwa moyo wake wa kazi.

Mkaguzi mkuu wa pale alikuwa mama mmoja wa makamo aliyeitwa Macho Manne kwa sababu ya miwani yake, na hakukuwa na mtu aliyemzidi kwa kuona, isipokuwa labda Bwana Kiungo mwenyewe. Kwa kawaida walikagua pamoja. Siku moja Macho Manne aliomba ruhusa akabadilishiwe miwani, na mashine iliposimama Bwana Kiungo aliingia chini ya bawa peke yake.

Aliukuta mahali palepale. Uzi mwembamba mweusi uliotoka kwenye ukingo wa tundu la chini, mfupi kama punje ya mchele. Akaufuta kwa kitambaa kilicholoweshwa spiriti akidhani ni mafuta, haukufutika. Akapitisha ukucha, ukucha ukakwaruza. Akazima tochi, akakaa chini pale kwenye baridi ya sakafu.

Aliona yatakayofuata kana kwamba yameshatokea: yeye mwenyewe anapanda ngazi kwenda kutangaza kwamba kiungo chake kimepasuka, palepale penye nukta nyekundu, kama ilivyotabiriwa. Aliona vijana wanasimama, fundi wa mabati anapiga mluzi, mkuu anampa mkewe mkono, mkewe anajizuia kutabasamu kwa ajili ya kumstahi. Hilo la mwisho ndilo lililomkaba. Kama angejua mkewe atamcheka, huenda angesema. Kustahiwa hakukuvumilika.

Likamjia wazo lingine. Asiposema sasa, ufa utakuja kuonekana kwenye ukaguzi unaofuata, ukiwa mrefu. Watu watasema umetokea ghafla na kukua kwa fujo. Watasema Mama Nyufa kakosea kasi.

"Vipi huko chini?" aliuliza mwendesha mashine kutoka juu.

"Safi," akajibu. "Washa."

Macho Manne alirudi na miwani mpya, na mashine iliposimama tena alipiga kelele kabla hata hajawasha tochi vizuri. Ufa ulikuwa na urefu wa kidole. Jaribio likasitishwa. Watu walijaa pale chini ya bawa wakiinama kama wanaoangalia mtoto mchanga, na mkuu akamgeukia Mama Nyufa.

"Mahali umepatia. Lakini ulisema utaonekana mapema na utakua polepole. Ukaguzi uliopita palikuwa safi, leo ni huu. Umetoka wapi?"

Mama Nyufa aliinama akautazama ufa tena. Kama ufa unaweza kutoka kwenye hakuna hadi kwenye kidole ndani ya muda mfupi vile, basi hesabu zake zote zilikuwa bure, na ndege ile haikuwa salama.

Siku zilizofuata zilikuwa tamu kwa Bwana Kiungo, na aibu ya utamu ule alikuja kuibeba muda mrefu. Mkewe alirudi nyumbani na mafaili, akayatandaza mezani, akaanza upya. Hakula. Alikuwa akitikisa kichwa peke yake, anafuta, anaandika, anafuta. Bwana Kiungo alimpikia supu, akampulizia, akamwekea karibu na mkono. Alimkanda mabega. "Kila mtu hukosea, mke wangu," alimwambia, na sauti yake ilikuwa laini kweli, kwa sababu kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu hakuwa na chuki naye. Alimpenda sana alipokuwa amekosea. Alilala usingizi wa mtoto.

"Labda sina akili ya kazi hii," mkewe alisema asubuhi moja, kijiko mkononi. "Labda walinipa sifa tu."

Alipaswa kusema palepale. Badala yake alimmiminia chai.

Lakini metali ina kumbukumbu. Kwenye majaribio ya namna ile, mara kwa mara mashine huongezewa mizigo maalumu midogomidogo, kwa makusudi, ili iache alama ndani ya ufa wenyewe. Ukija kukifungua kipande kilichopasuka na kukitazama kwa hadubini, unaona mistari imejipanga kama pete za shina la mti lililokatwa. Kila mstari una tarehe yake. Mama Nyufa aliomba kiungo kikatwe. Akajifungia maabara na Macho Manne, na wakaisoma mistari ile mmoja baada ya mwingine kutoka ukingo wa nje kurudi nyuma kwenye tundu.

Siku hiyo alirudi nyumbani mapema. Binti alikuwa anacheza kamba nje. Bwana Kiungo alikuwa anamenya viazi. Mkewe hakuvua viatu. Alisimama tu mlangoni mwa jiko.

"Hesabu zangu zilikuwa sawa," alisema.

"Alhamdulillahi! Si nilikuambia…"

"Ufa umekua polepole, kama nilivyosema. Siku uliyokagua wewe ulikuwa na urefu wa punje ya mchele."

Kisu kikasimama kwenye kiazi. "Mwanga wa kule chini unaujua ulivyo."

"Naujua. Na macho yako nayajua. Unaona uzi uliochomoka kwenye gauni langu tukiwa ng'ambo ya barabara."

Nje kamba iligonga saruji, tap, tap.

"Kesho kuna kikao," mkewe aliendelea, sauti yake imenyooka kama rula. "Nitasema kilichoandikwa kwenye metali, basi. Sitaongeza neno. Kama hukuuona, sema hukuuona, na mimi nitaliingiza hilo kwenye mwongozo: kwamba ufa wa urefu ule hauonekani kwa macho, hata kwa mkaguzi wetu bora. Unajua maana yake."

Alijua. Muda wa kutoka ukaguzi mmoja hadi mwingine unapangwa kwa kuangalia ufa mdogo kabisa ambao mtu anaweza kuuona. Ukisema punje ya mchele haionekani, itabidi ndege ile isimamishwe mara nyingi kuliko inavyohitaji, ifunguliwe, ipimwe kwa vyombo, maisha yake yote. Uongo wake ungechapishwa. Mafundi ambao hawajazaliwa wangekuja kufungua bolti kwa sababu yake. Na mbaya zaidi, Macho Manne na wenzake wangeambiwa kwamba macho yao hayaaminiki.

"Na kama niliuona?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Mkewe alikuwa akilijua jibu, lakini uso wake ulibadilika kana kwamba ndiyo kwanza anapigwa nalo. "Nilidhani nimepungukiwa akili," alisema. "Ukanipikia supu. Ukanipulizia, ili nisiungue."

Akatoka akaenda kumwita mtoto aingie ndani.

Kwenye kikao Mama Nyufa alionyesha picha za mistari ile ukutani, akaeleza, akakaa. Mkuu, mtu mwema asiyependa kumwaibisha mwenzake, alimfungulia Bwana Kiungo mlango mpana. "Mahali penyewe ni pa giza, na ulikuwa peke yako. Hata mimi nisingeuona."

Macho Manne aliinua kichwa. Alikuwa anangoja. Fundi wa mabati naye alikuwa anangoja. Mume yule alikuwa na majina mawili ya kuchagua, kipofu au mbaya, na la kipofu lilikuwa rahisi zaidi. Angepewa pole na chai.

"Niliuona," akasema.

"Uliuona, ukasema safi?" mkuu akashangaa.

"Niliuona, nikasema safi."

"Kwa nini?" mkuu akauliza.

Bwana Kiungo alitafuta neno la kitaalamu, hakulipata. "Wivu."

"Wivu? Kwa nani?"

"Mkuu," akasema fundi wa mabati kwa sauti ya chini, bila masihara hata kidogo, "usimchoshe mtu."

Alitolewa kwenye ukaguzi tangu siku ile, na haikuwa kwa muda. Mtu aliyesema safi pasipo safi hapewi tochi tena. Alipewa onyo kali. Mchoro wake ulibanduliwa ukutani, kwa sababu haukuwa mchoro wa kiungo tena: kiungo kilichorwa upya, tundu la chini likasogezwa mbali na ukingo, na kikaongezwa kipande cha pili ubavuni ili kimoja kikipasuka mzigo upite kwa mwenzake. Aliyekichora alikuwa kijana mmoja wa meza ya nyuma. Bwana Kiungo hakuombwa ushauri. Jina lake halikubadilika, lakini watu walipolitamka walilitamka haraka.

Nyumbani mambo yalikuwa magumu zaidi. Mkewe aliongea naye kuhusu ada, gesi na homa ya mtoto, na si zaidi. Mume akipika, alikula. Asipopika, mkewe alijipikia. Supu hakuigusa. Bwana Kiungo aliomba msamaha mara nyingi, kwa maneno mengi, mpaka siku moja mkewe akamwambia, "Usiniambie kwamba wivu umekwisha. Najua haujaisha. Niambie tu unapokuja."

"Kila siku?"

"Kama unakuja kila siku, kila siku."

Akaanza, kwa aibu. Alikuwa akiingia jikoni na kusema, "Leo mkuu alivyokusifu, nimeumia." Mkewe aliitikia, "Nimesikia," na kuendelea kukata vitunguu. Mara nyingine alicheka kidogo. Mara nyingine alikasirika, akasema amechoka kuwa daktari wa ugonjwa usiokuwa wake. Dada wa cherehani alipopata habari alisema watu hao wana wazimu wote wawili, akawashonea mapazia mapya.

Bawa la pili lilipita jaribio. Ndege iliruka, ikatua, kiwanda kikaanza kusanifu kubwa yake. Bwana Kiungo alipewa kazi kwenye mkia, kazi ndogo, kishikio cha usukani ambacho mgeni hawezi kukiona. Alikichora kwa uangalifu mkubwa. Mchoro ulipokamilika, mkuu hakuwa amemwambia aupeleke kwa mtu yeyote. Aliukunja mkononi, akavuka chumba mbele ya watu wote hadi kwenye ile meza ya dirisha lisilofunguka.

"Nitafutie ufa," alimwambia mkewe.

Mama Nyufa aliutandaza mchoro, akaunyoosha kwa viganja, akatafuta penseli. Hakuchukua muda. Akatia nukta nyekundu kwenye kona moja ambayo Bwana Kiungo aliipenda kuliko zote, kisha ya pili, akaanza kueleza. Alikuwa sahihi. Roho ilimuuma, kama siku zote.

"Umeumia?" mkewe aliuliza, penseli bado ipo kwenye karatasi.

"Sana."

"Haya. Vuta kiti."

Akavuta kiti, akakaa, na mkewe akaendelea kumweleza kuhusu ile kona.